Maji ya Maiti Asiyejulikana

Wametusimulia wenye elimu waliotutangulia kwamba zama za kale, katika mji mmoja wa Khurasani, aliishi kadhi mchamungu aliyeitwa Sheikh Muhalhil, Allah amrehemu. Alikuwa akitunga kitabu juu ya utukufu aliopewa mwanadamu, na kila baada ya Alasiri akiwasomesha wanafunzi wake msikitini yale aliyoyaandika.

Siku moja walikuwa wakijadili kama utukufu huo uko rohoni peke yake au mpaka mwilini. Akaingia Bi Lubaba, mwosha maiti wa kike wa mji ule.

"Sheikh, kuna maiti ya mwanamke pale langoni. Msafara ulimshusha akikata roho, ukaenda zake. Jua ni kali. Nimeomba maji, nimekataliwa."

Aliyemkatalia, Ziyad, msimamizi wa kisima cha msikiti, alikuwa nyuma yake.

"Ana uzi wa mafundo mkononi, si desturi yetu," akasema. "Huenda ni Majusi mwabudu moto, huenda ni Mnasara. Maji haya ni wakfu wa Waislamu."

Sheikh akasema, "Suala hili lina kauli nyingi za wanazuoni. Nipeni siku tatu nizipitie."

"Siku tatu?" akasema Bi Lubaba. "Sheikh wangu, kauli zitangoja. Yule hangoji."

Ziyad akamgeukia. "Ukimwosha, mji huu hautakuita tena. Nani atakubali mama yake aguswe na mikono hiyo?"

Bi Lubaba alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na kazi nyingine hana. Akajibu, "Basi wewe utawaosha. Unajua hata unaanzia upande gani?"

Wanafunzi wakacheka. Sheikh hakucheka. Akafunga kitabu.

"Miezi saba naandika kwamba mwanadamu ni mtukufu," akasema, "na mwanadamu mmoja amelala juani nami naomba siku tatu. Dini yake siijui. Habari ya kumsalia namwachia anayemjua. Lakini kwamba ni mwanadamu, hilo nalijua bila kufungua kitabu."

Akakunja mikono ya joho, akaenda kisimani, akateka maji mwenyewe. Ziyad hakuthubutu kumpokonya kadhi kamba. Sheikh akayafikisha langoni, mpaka kwenye pazia alilotundika Bi Lubaba, akayapitisha akiwa amegeuza uso. Ndani, Bi Lubaba alimwosha yule mwanamke mara tatu kwa maji ya majani ya mkunazi, akamsuka nywele mikia mitatu, akauacha ule uzi mkononi. Akazikwa kabla ya Magharibi.

Ziyad alitimiza neno lake, akawaonya watu wasimwite. Miezi ikapita, waliomwita Bi Lubaba wakawa wachache mno. Akawa anaoka mikate na kuiuza. Hakumlalamikia mtu, wala hakwenda kuomba radhi.

Mwaka ulipogeuka, akaja mgeni akimtafuta dada yake aliyeachwa langoni na msafara. Bi Lubaba akampeleka kaburini, akamweleza jinsi alivyomsuka. Yule mtu akalia sana. Ziyad alikuwa amewafuata.

"Tuambie basi," akasema. "Dada yako alikuwa wa dini gani?"

"Usimjibu," akasema Bi Lubaba. "Nimeshamwosha."

Enyi waumini, jibu la swali lile halikutufikia, na waliosimulia kisa hiki hawakulitafuta. Kilichotufikia ni kwamba maji yalitekwa kwa wakati. Ukikutana na mtu aliyeangushwa njiani, teka maji kwanza.