Nyati na Macho ya Mhina

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mhina, na msimulizi asiyejua kuotesha hata mchicha!

Ala, mmeshanijua. Basi tegeni masikio.

Hapo kale Bi Pimbi alikuwa na mhina mlangoni pake, kule mwambani. Ukichanua vile viua vyake vyeupe, harufu inafika mtoni. Nchi nzima haikuwa na mwingine. Binti yake alikuwa ameposwa, na bibi harusi bila hina ni aibu ya ukoo.

Siku moja, ku! ku! ku! Nyati huyo.

"We Pimbi! Harufu yote hii inakaa kwa kijitu kama wewe? Naung'oa, nikaupande kwangu."

Pimbi moyo ulimpasuka, lakini uso akaukunjua. "Bwana mkubwa, mti mzima ukiung'oa utakufa. Nitakukatia vijiti kumi. Hata kimoja kikichipua, kilete hapa Mzee Kobe, mwamuzi wetu wa mwambani, akione kibichi, na mhina wangu uchukue. Ukishindwa, usikanyage tena mlangoni petu."

"Haya! Napandaje?"

"Macho yatazame juu. Basi."

Macho ya kijiti ni vile vivimbe vidogo panapotokea majani. Nyati hakujua. Angeuliza, lakini mkubwa mzima amuulize pimbi?

Akaenda akapanda, macho yake yeye yakitazama mawingu. Chomeka, macho juu. Chomeka, macho juu. Kimoja kichwa chini, kimoja kwenye kichuguu, kimoja mguuni mwake mwenyewe, yalaa! Cha kumi kilimponyoka, akakikanyagia topeni bila kujua.

Kila asubuhi akakagua mizizi. Ng'oa, tazama, rudisha. "Bado." Ng'oa, tazama, rudisha. "Bado." Vijiti tisa vikakauka kau! Nyati akaona haya, maana kundi zima alikwishalitangazia bustani.

Lakini kile cha kumi, ambacho hakuna aliyekikagua, kikatoa majani manne.

"Nimeshinda!" Kumwita Kobe? Kobe angefika mwakani. Akaking'oa, akakibana mdomoni, mbio juani mchana kutwa, ku! ku! ku! Akakitema mbele ya Kobe.

Kobe akakigeuza, akakinusa. Majani yamesinyaa, mizizi imekauka.

"Pole, Bwana mkubwa," akasema Pimbi. "Kuni tunazo."

Binti Pimbi akapakwa hina hadi viwikoni. Nyati akarudi kwake kichwa kimeinama. Siku hiyo ndiyo macho yake yalitazama chini kwa mara ya kwanza, akaona kishimo topeni pale mhina wake ulipokuwa umeshika. Akalia kweli.

Ngano yangu imefika mzizini, nami naing'oa.

Funzo? Ukipanda kitu, king'oe kila asubuhi ujue hali yake. Mimi hufanya hivyo kila masika. Hina ya harusi ya binti yangu tuliomba kwa jirani, mama mmoja mfupi, anacheka sana.