Ukanda wa Madeje na Shingo ya Kibuyu

Endeleeni kupukuchua kunde, mikono isisimame. Mimi nataka masikio tu. Na wewe uliyeinua kibuyu changu ili uchungulie ndani, kirudishe kwenye kijiti chake. Utachungulia nini? Shingo hiyo haikuachii kuona kitu, na iliwekwa hapo makusudi kwa ajili ya watu wa aina yako.

Siku ambazo nazisema, vibuyu havikuwa na shingo. Vilikuwa mviringo kama vyungu, na ukikata juu unapata mdomo mpana unaoingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nchi yetu ilikuwa kavu wakati huo kama ilivyo leo. Mvua zikikatika, wanawake walichuma majani ya kunde kwenye bustani za nyuma ya nyumba, wakayachemsha, wakayaanika juu ya majabali, wakayajaza vibuyuni. Kunde zenyewe nazo zilijazwa kwenye vibuyu vyake. Kila mdomo ulifunikwa kwa kigae na kukandikwa samadi mbichi, kisha watu wakakaa kungoja mvua nyingine. Kungoja huko ndiko kulikomshinda mwanamke mmoja, Nyemo.

Msimcheke, hakuzaliwa na kiherehere. Mwaka uliotangulia, kiangazi kikiwa kikali, Nyemo alifungua kibuyu alichokitegemea akakuta vumbi. Fukusi walikuwa wamekula kunde zote kimyakimya, naye muda wote huo akilala akiamini ana akiba. Mwanawe wa kwanza, Madeje, hakuiona mvua. Nyemo alimvua ukanda mwembamba wa ngozi aliokuwa akiuvaa kiunoni, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Akabaki na binti mdogo, Mwendwa, na hofu ambayo haikumpa nafasi ya kupumua.

Mvua ziliponyesha na bustani ikazaa, mama huyo hakukaa chini. Alichuma majani umande haujakauka. Aliyageuza juu ya jabali kabla hayajapata jua upande wa kwanza, na wingu dogo likipita aliyakusanya yote mbiombio, wingu likiondoka akayaanika tena. Akiketi ale, huinuka. Akiinuka, husahau alichoinukia. Mama mkwe wake, Bibi Mbeleje, aliyekuwa akiishi naye boma moja, alimtazama mpaka kizunguzungu kikamshika yeye.

"Mwanangu, kaa," alimwambia. "Jua halihitaji msaada wako."

"Nitakaa, mama," Nyemo alijibu, akiwa ameshafika mlangoni.

Vibuyu vilijaa, vikakandikwa. Na samadi haijakauka vizuri, Nyemo akabandua kigae cha kwanza. Alitaka kuona tu, basi. Lakini macho hayakumtosha, akaingiza mkono, akapekua mpaka chini, akachota kunde akazitazama kwenye mwanga kama zina tundu. Akafunika. Baadaye moyo ukamwambia kwamba fukusi huenda wako upande ule mwingine, akafungua tena. Alifungua akitoka kisimani, mikono ikiwa na maji. Alifungua akipika, ugali ukitoa mvuke mbele ya mdomo wa kibuyu. Alifungua hata alipokuwa na wageni, akawaacha na maneno yao midomoni. Kila alipoona kunde ni nzima alitulia kidogo, kisha wasiwasi ukarudi palepale ulipokuwa.

Mnajua kilichotokea, nyuso zenu zinasema. Kiangazi kilipokuwa kirefu mbele yake, aliingiza mkono akagusa kitu laini chenye joto. Majani yalikuwa yameota ukungu. Kunde zilikuwa zimeshikana mabonge, na zile zilizosalia zilikuwa zimebunguliwa, maana fukusi huingia mlango ukiwa wazi, na yeye alikuwa amewafungulia kutwa. Nyemo alikaa chini kwa mara ya kwanza mwaka ule. Alimtazama Mwendwa akicheza uani, akaona mbavu za Madeje.

Bibi Mbeleje alikuja, akanusa, akaelewa. Hakupiga kelele.

"Mkono wako ndio panya wa nyumba hii," alisema.

Bibi alikuwa na kibuyu chake kimoja ambacho hakikuguswa tangu kukandikwa. Walikula hicho, wote watatu, mchuzi mwingi na kunde za kuhesabika. Bibi alikuwa akisema ameshiba kabla hajaanza. Mvua ilipoanguka Mwendwa alikuwa hai, miguu kama vijiti, na Bibi Mbeleje alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Nyemo hakufurahi. Sasa hakuwaogopa tena fukusi, alijiogopa mwenyewe, kwa sababu alijua kwamba vibuyu vikijaa atafungua tena.

Mimea ya vibuyu ilipotambaa juu ya ua, alisimama mbele ya kibuyu kichanga, kibichi, kikubwa kama ngumi. Aliupima mkono wake kwa macho. Kisha akaufungua ule ukanda wa ngozi kwenye kifundo chake, akalia, akaufunga juu ya kile kibuyu, chini kidogo ya kikonyo, akakaza.

Kibuyu kikakua. Chini kilitanuka kikawa tumbo, juu kikavimba kidogo, lakini pale penye ukanda kilikataa kunenepa, kikabaki na shingo. Kilipokauka alikata ncha, akatia changarawe na maji, akatikisa mpaka kikatakata. Majani ya mwaka ule aliyatwanga yakawa unga ndipo yakapita shingoni. Kunde alizimimina taratibu, zikishuka kwenye ile shingo kwa kelele. Akaziba kwa gunzi.

Siku hiyohiyo alizibua. Mkono haukuingia. Alijaribu vidole viwili, vikakwama, akavichomoa vikiwa vimechubuka. Alizunguka nyumba, akarudi, akaokota jiwe ili akivunje. Mwendwa alikuwa amekwisha kukikumbatia kile kibuyu, ameulalia ule ukanda wa kaka yake. Mtoto akakitikisa karibu na sikio, kama watoto wanavyotikisa kila kitu. Kunde zikagonga ndani, kavu, nzito.

"Mama," alisema, "zimo."

Nyemo alikiweka sikioni. Akatikisa. Zilikuwamo kweli. Akaziba tena kwa gunzi, na jiwe akalitupa nje ya ua. Wasiwasi haukumwisha, nisiwadanganye. Alitikisa kile kibuyu asubuhi, mchana na jioni mpaka majirani wakadhani kuna ngoma. Lakini hakukifungua ila kwa kupika. Mvua zilipokuja, kunde zilikuwa bado zinamiminika, na Bibi Mbeleje alipakuliwa akala mpaka akakataa kwa kweli.

Mbegu za kibuyu kile zilipandwa, na matunda yake yakatoka yakiwa na shingo bila kufungwa na mtu. Na tangu siku hiyo vibuyu huzaliwa hivyo, na sisi hufunga ukanda wa ngozi pale shingoni. Vijana husema ni wa kukitundikia. Sawa, kinatundikwa. Na kiangazi kikiwa kirefu, mama akishusha kibuyu akakitikisa sikioni, mtoto humuuliza, "Zimo?" naye hujibu, "Zimo." Hakuna anayeuliza zimebaki ngapi.