Eda ya Bakuli la Mfenesi

Toa mkono humo! Nani kakwambia ufukue? Hilo bakuli halikusahauliwa ndani ya maranda, limewekwa. Njooni mkae hapa kando ya kerezo niwaambie, na mtu asiiguse kamba yake.

Hapo kale mti ulikuwa haujui kupasuka. Wakereza wa kisiwani kwetu walichukua gogo lililoanguka lenyewe likakauka lenyewe. Walilifunga kwenye kerezo uani kwao, wakakanyaga kwa mguu, kamba ikalizungusha na patasi ikala. Bakuli lilitoka siku hiyo hiyo, likadumu hata kurithiwa. Mti mzima uliosimama hakuna aliyeugusa kwa ajili ya bakuli.

Hata akaja Fundi Makame, mtu wa kesho kesho. Binti yake Zuwena alikuwa anaolewa, na desturi ilikuwa wakwe wale chakula cha kwanza katika bakuli alilolikereza baba wa bibi harusi kwa mkono wake. Wakishakula, ndipo mwali hutoka kwenda kwa mumewe. Wasipokula, hatoki. Siku ya harusi ikapambazuka, Makame hana hata kipande cha gogo.

"Baba Zuwena, weye!" mkewe alishika kichwa. "Wageni utawalisha viganjani?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na mifenesi miwili, imeota pamoja, imezeeka pamoja, matawi yamekumbatiana. Makame akachukua shoka akaangusha mmoja. Alipoufunga kwenye kerezo alishangaa mwenyewe. Patasi iliteleza kama kisu kwenye papai. Maranda ya njano yalitoka marefu, yamelowa, na maji yakamrukia usoni hadi ndevuni.

"Kumbe siku zote tulikuwa tunajitesa na magogo makavu!" akacheka.

Adhuhuri bakuli lilikuwa tayari, jembamba, linang'aa. Zuwena alilipapasa, akalipeleka mwenyewe jikoni.

Alasiri wakwe wakaketi mkekani. Mchuzi wa moto ukamiminwa. Mama wa bwana harusi, Bi Tatu, akanyoosha mkono.

Paa! Lo! Watu walijitupa chini. Bakuli lilikuwa limepasuka toka mdomo hadi kitako, na mchuzi wote umemwagika mapajani mwa mkwe. Huko chumbani Zuwena, hina mbichi mikononi, alisikia ule mlio, akasikia na kimya kilichofuata, akajua hatoki. Alipiga ukelele mpaka leo nikiusimulia mwili unanisisimka.

Bi Tatu hakupiga kelele. Aliokota kipande, akagusa penye ufa, kidole kikalowa maji ya mti. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka juzi tu katika eda ya kufiwa na mumewe.

"Fundi, mti huu umekatwa lini?"

"Leo asubuhi, Bi Tatu."

"Ulikuwa peke yake?"

Makame akatazama mkeka. "Ulikuwa na mwenziwe."

"Subhanallah! Asubuhi umemtenga na mwenziwe, bado mbichi, machozi yanamtoka, na alasiri umemleta harusini?"

Makame akakumbuka yale maji. Akajipangusa ndevu, zilikuwa zimekauka, naye akazidi kujipangusa.

"Mwanangu atamwoa Zuwena," Bi Tatu akasema. "Lakini kwanza huyu mfenesi akae eda kama nilivyokaa mimi. Zuwena atangoja."

Zuwena akafua nguo zake za harusi, akazikunja, akangoja. Makame akakata kipande kingine cha gogo lile lile, akakikereza kinene bila kukimaliza, akakifukia ndani ya maranda yake mwenyewe, kwenye pembe yenye giza, pasipopita upepo. Eda ilipokwisha wakamfukua. Alikuwa mkavu, amepinda kidogo, lakini mzima. Makame akamkereza mara ya pili, taratibu. Wakwe wakala, na Zuwena akatoka.

Na tangu siku hiyo mti mbichi ukifanywa bakuli kwa haraka hupasuka, ndiyo maana sisi wakereza tunakereza mara mbili, na katikati tunaungoja.

Haya, mfunike. Rudisha maranda yote, mpaka juu. Na siku ya kumtoa, nyie wenye haraka, msimpitishe mlango wa nyuma. Mwenziwe, mti aliyeota naye, bado amesimama pale.