Mji wa Saba wa Mfalme Kifaru

Zamani, na nikisema zamani namaanisha zamani hasa, wanyama walipokuwa na nyumba na milango na majirani wa kugombana nao, Kifaru alikuwa mfalme. Kaeni vizuri. Wewe mwenye muhogo, tafuna kimyakimya, maana hadithi hii hunichosha hata kabla sijaianza.

Hunichosha kwa sababu ya huyo mfalme. Wafalme wengine hukaa mahali. Huyu akiudhika anahama, na yeye akihama, mji mkuu mzima unahama naye, vyungu na vitanda na kuku kichwani.

Mji mkuu wa kwanza uliitwa Jiweni. Mfalme akajikwaa kwenye jiwe, wakahama. Wa pili ulikuwa Miibani, na huo sina haja ya kuueleza. Wa tatu, Ukunguni, aliuhama kwa sababu asubuhi moja hakuiona pembe yake mwenyewe akadhani imeibwa. Wa nne aliuhama kwa kelele za vyura. Wa tano, jamani, wa tano aliuhama kwa sababu ulikuwa kimya mno, hauna hata chura.

Alipofika wa sita alipiga mguu chini, puu, akasema, "Hapahapa. Sihami tena."

Basi mji ukaitwa Hapahapa. Raia wakamwamini, wajinga wale. Wakajenga nyumba za mawe, wakapanda mtama, wakapanda hata michungwa. Mtu hapandi mchungwa kama hategemei kukaa.

Katika mji huo aliishi binti mmoja, Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo, ukimwona utadhani ni panya aliyevutwa pua. Kazi yake ilikuwa kufagia njia ya mfalme. Mfalme akihama, Sange hutangulia na ufagio wake, fya, fya, fya, na msafara wote hufuata pale alipofagia. Alikuwa akiishi na mama yake, mkongwe ambaye miguu yake ilikuwa imegoma kabisa. Asubuhi hubebwa hadi mlangoni, jioni hubebwa ndani.

Siku moja Mfalme Kifaru alikuwa akitoka chumbani mwake. Ngo! Pembe ikagonga kizingiti cha juu cha mlango. Mlango huo aliagiza yeye mwenyewe uwe mfupi.

"Mlango umenipiga," akasema.

"Mlango hauna mikono, mfalme," akasema Waziri Ngiri, taratibu.

"Umenipiga. Mji huu una milango mibaya. Tunahama."

Ngiri akafumba macho. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba kiti cha enzi, kiti cha mti mgumu, na shingo yake tangu safari ya Miibani haikuwahi kunyooka.

Sange akaitwa. Mfalme akamwambia, "Sikiliza. Huko niendako sitaki mawe, sitaki miiba, sitaki ukungu. Vyura nataka, lakini wachache. Na safari hii nimechoka kusubiri watu wajenge. Nikifika nikute nyumba ziko tayari, mtama umeiva, na maji yapo karibu. Nakupa siku tatu za njia."

"Mji uliokwisha jengwa, mfalme? Ndani ya siku tatu?"

"Nimesema Kiswahili au sikusema?"

Sange akauliza, "Na mama yangu je? Hawezi kutembea."

"Sheria unaijua," akasema mfalme. "Asiyeweza kutembea anabaki."

Sange aliijua sana. Walipohama Ukunguni alimwacha baba yake amekaa jikoni, na aliporudi siku ya kumi na chakula akakuta mlango uko wazi na majivu yamepoa. Alitoka kwa mfalme na hasira zake. Akafagia uwanja uliokwisha fagiliwa, akaufagia tena, huku akisema peke yake, "Mji wenye nyumba. Wenye mtama. Wenye vyura wachache. Mji kama huo upo mmoja tu, na anauhama."

Hapo ufagio ukasimama.

Sasa nisikilizeni. Kulikuwa na mwiko: mfalme anayehama hatazami nyuma. Kifaru aliingia kila mji kwa lango la mbele na akautoka kwa lango lilelile, shingo imenyooka. Mji wake kwa upande wa nyuma hakuwahi kuuona hata siku moja. Na macho ya Kifaru mnayajua, yanaishia kwenye ncha ya pembe.

Asubuhi Sange alimwekea mama yake maji na viazi vya siku tatu.

"Mmeanza tena?" akauliza mama.

"Tumeanza tena, mama. Yeyote atakayekuja, wewe mkaribishe tu."

Hakumwambia zaidi. Mama yule ukimpa siri asubuhi, mchana inauzwa sokoni.

Msafara ukaondoka. Sange mbele, fya, fya, fya. Nyuma yake mfalme, du, du, du. Nyuma ya mfalme Ngiri na kiti, kisha raia wote wakinung'unika, na michungwa yao wameiacha ikiwa na maua. Siku ya kwanza Sange alifagia akipinda kushoto kidogo. Siku ya pili akapinda kushoto kidogo. Siku ya tatu, nyinyi mnajua alipinda wapi.

Siku hiyo ya tatu Ngiri alimsogelea akihema. "Sange, juzi jua la asubuhi lilikuwa usoni. Leo liko mgongoni."

"Jua nalo linahama, Waziri. Linamwiga mfalme."

"Usinifanye mtoto. Na kile kilima nakijua. Mbuzi wangu hulishwa pale."

Sange akaendelea kufagia bila kuinua kichwa. "Basi kamwambie. Mwambie tumezunguka. Atakasirika, atataka mji mwingine, wa mbali kwelikweli, na kiti utakibeba wewe."

Ngiri akatazama kilima. Akapapasa shingo yake. "Kilima gani?" akasema, akarudi kwenye nafasi yake.

Lakini walipokaribia, mfalme akasimama ghafla. Macho ya Kifaru ni mabovu, pua yake siyo. Na vifaru, samahani kwa wanaokula, kifaru ana rundo lake la kinyesi, hujisaidia palepale kila siku. Rundo hilo lilikuwa nyuma ya jumba lake, na upepo ulitoka huko.

Fuu, fuu, akanusa. "Nanusa kitu ninachokifahamu."

Msafara mzima ukaacha kupumua. Sange akamkumbuka baba yake jikoni, akajilazimisha kucheka.

"Ni harufu yako hiyo, mfalme. Nchi hii inanukia wewe kabla hujafika. Ilikuwa inakungoja."

Kifaru akanusa tena, polepole. "Kweli," akasema. "Ni harufu ya heshima." Akaendelea kutembea, na raia nyuma yake wakavuta shuka wakaziba vinywa.

Wakaingia kwa nyuma. Nyumba hizo, za mawe. Mtama huo, umeinama kwa kuiva. Kisimani vyura wawili, kwaa, kwaa. Na mbele ya mlango mmoja ameketi mkongwe anamenya kiazi.

Mkongwe akainua kichwa. "Mmesahau nini?" akauliza.

"Anasema nini huyu?" akauliza mfalme.

"Ni mwenyeji wa hapa," akasema Sange upesi. "Huku wageni husalimiwa hivyo. Wanaulizwa kama hawakusahau kitu njiani."

Mama akamtazama binti yake. Akautazama msafara, vumbi, kiti, shingo ya Ngiri. Kisha akaweka kisu chini na kujinyoosha alivyoweza. Mwenyeji hujua nafasi yake, na mgeni, hata awe mfalme, ndiye anayeamkia.

"Shikamoo, mama," akasema Kifaru.

"Marahaba. Mnatoka wapi?"

"Hapahapa."

"Naona," akasema mama.

"Tunaomba mahali pa kukaa. Nyumba nimezipenda."

"Kaeni. Ila huku tuna sheria moja. Anayetaka kuhama, hahami mpaka ambebe mwenyeji mgongoni, nami nikiwa mgongoni huwa naongea njia nzima."

"Anaongea kweli," akasema Sange.

Mfalme akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda, raia wakashusha mizigo. "Nimekubali," akasema mwishoni. "Huu ndio mji wa saba, na ni mzuri kupita yote sita. Ule tuliotoka ulikuwa takataka. Waziri, tangaza jina. Pale niliposikia harufu yangu, palepale nimefika. Mji uitwe Palepale."

"Palepale," akatangaza Ngiri, machozi yakimtoka, na kiti akakitua kwenye alama zilezile za miguu minne.

Raia wakaenda nyumbani kwao bila kuuliza njia, na mfalme akashangaa jinsi walivyo wepesi wa kuzoea. Naye akaelekea kwenye jumba kubwa, akaushika mlango.

Ngo!

Mji mzima ukanyamaza. Hata vyura. Mfalme akasimama na pembe yake kwenye kizingiti, uso unaanza kuvimba, na kila mmoja akaanza kukumbuka alikoweka kamba za mizigo.

"Inama, baba," akasema mkongwe kutoka mlangoni pake.

"Nini?"

"Mlango mfupi huo. Inama."

Miji sita, na hakuna aliyewahi kumwambia. Kifaru akainama. Akaingia.

Sange akakaa chini karibu na mama yake, akashika kiazi, akajaribu kukimenya. Kikamshinda, akamrudishia mama. Mama akammenyea yeye.

Basi, hadithi yangu imefika mlangoni na mimi nimechoka. Miji sita haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa linahama pamoja na mfalme.