Kwa Nini Wanawake wa Harstow Hufua Jumatatu

Zamani, katika kijiji cha Harstow, Uingereza, kila mwanamke alifua siku aliyotaka na kuanika alipopenda. Wakati huo Malkia alikuwa amekwisha kuachana na Papa wa Roma, na watu waliamini kwamba kila Mkatoliki alikuwa akingoja kuwafungulia mlango Wahispania, maadui wa Malkia waliomtii Papa.

Margery Oldcombe, mjane aliyelelewa katika Ukatoliki na asiuache, alianika nguo zake juu ya ua wa miiba uliopakana na barabara, kwa kuwa ndipo jua lilipofika. Jumatatu moja, siku ya tatu tangu binti yake Alison ajifungue, konstebo Humphrey Tilcott alisimama mbele ya ua huo.

"Shuka tatu," alisema. "Juma lililopita zilikuwa mbili. Unampa nani ishara, Mama Margery?"

"Jua tu, Bwana Tilcott."

"Mapadri waliopigwa marufuku huijua nyumba ya kujificha kwa nguo zilizoanikwa. Nimeambiwa hivyo mjini. Jumatatu ijayo nikikuta kitambaa cheupe hapa, utakwenda gerezani."

Margery akajaribu kukausha nguo mbele ya moto. Zilibaki na unyevu na moshi, na mtoto akaanza kukohoa. Alison alikuwa bado hawezi kusimama. Mama yake akifungwa, hakuna ambaye angewatunza. Hata hivyo, Jumatatu ilipofika, Margery alianika shuka zake palepale juu ya ua, akaketi kizingitini kungoja.

Aliyepita kwanza ni jirani yake Dorothy Pyke, ambaye kwa ajili ya dini hakuwa amemsalimu miaka kumi na mmoja. Dorothy alisikia kikohozi, akarudi kwake, akaja na kapu la nguo mbichi. Alianza kuzitandaza kando ya zile shuka.

"Papa wako simpendi," alisema bila kumtazama. "Lakini mtoto huyo hajui Papa ni nani."

Kisha akaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Tilcott alipofika, ua ulikuwa mweupe mpaka kwenye daraja, na shuka zote zilifanana. Alitembea polepole akitafuta za Margery, hata akafika kwenye mashati mawili, akatambua kuwa ni yake mwenyewe. Mkewe alikuwa akiyanyoosha mikunjo.

"Bwana konstebo," Dorothy aliuliza, "na wewe unampa nani ishara?"

Tilcott aligeuka akaenda zake.

Na tangu siku hiyo wanawake wa Harstow hufua Jumatatu, wote pamoja, na kuanika juu ya ua wa barabarani. Wala hakuna anayeuliza shuka ni ya nani mpaka iwe imekauka.