Mashine ya Ambwene na Umeme wa Maporomokoni

Nguvu ya njia si nguvu ya nyumba. Ndivyo mlivyomsikia shangazi juzi akimwambia bwana harusi, yule askari. Mkacheka, kisha mkataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Si ya wahenga wa kale. Yalianzia hapa hapa Tukuyu, katika chumba cha kompyuta cha kanisa, na yalianza hivi.

Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana waliruhusiwa kucheza kwenye kompyuta. Mchezo waliopenda ulikuwa wa kujenga kwa vipande vya mraba. Unachimba, unapanga, unasimamisha nyumba. Siku moja Gwamaka akaleta nyongeza kwenye flashi, na mchezo ukapata umeme: jenereta, nyaya, transfoma na mashine. Kompyuta zote ziliunganishwa, hivyo wote waliingia kijiji kimoja, wakakiita Neema. Na kilichoharibika Neema kiliharibika kweli, maana mchezo ule ulijihifadhi wenyewe na haukurudi nyuma.

Tumpe aliingia Neema kwa sababu moja. Kaka yake Ambwene alikuwa amejenga humo mashine ya kusaga mawe ya madini, miezi miwili kabla ya ugonjwa kumchukua. Nguo zake ziligawiwa baada ya matanga, kitanda akapewa binamu. Kitu pekee kilichobaki vile vile alivyokiacha kilikuwa mashine ile, na kibao juu yake: "Ya Ambwene. Omba kwanza." Kila Jumamosi Tumpe alisimama mbele yake kidogo, kisha akaenda kulima bustani yake ya mchezoni kama wengine.

Kiongozi wao alikuwa Lusajo, kijana mwema mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Aliwaahidi vijana wa Kiwira kwamba wakija saa sita watakuta Neema inawaka taa na mashine zinasaga. Jenereta alikuwa ameiweka mbali, kwenye maporomoko, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na maji. Akavuta waya mrefu hadi kijijini. Taa hazikuwaka. Gwamaka akafuata waya hatua kwa hatua akaona sababu: umeme ulikuwa mdogo, na kila kipande cha waya kilikula kidogo, hata ukifika kijijini hakikubaki kitu.

"Basi tuukuze," alisema Lusajo. Akaweka transfoma kule maporomokoni, umeme ukatoka mkubwa, ukaweza safari yote bila kupungua sana. Hapo walimpongeza, na alistahili. Kisha akauingiza vile vile katika mashine ya kwanza. Ikalipuka, ikaacha shimo sakafuni.

"Hiyo ilikuwa mbovu," alisema Lusajo, akaunga ya pili. Nayo ikalipuka, pamoja na ukuta na kuku wanne wa Gwamaka.

"Kuku wangu walikosa nini?" aliuliza Gwamaka.

Saa tano na nusu ilikuwa imepita. Mashine iliyobaki ni ya Ambwene. Tumpe alimwona Lusajo akitembea kuielekea, waya mkononi. Akaacha bustani, akaenda kusimama katikati.

"Sogea, Tumpe. Wageni wako njiani."

"Kuna kibao. Hukuomba."

"Nimwombe nani? Unalinda mashine au kaburi?"

Lusajo mwenyewe alijua amepita mpaka, lakini saa ilimsukuma. Tumpe hakulia wala hakuondoka.

"Kaka Lusajo," alisema, "pale mbele ya duka la Mwaibale kuna nguzo mbili zina pipa la chuma juu. Unalifahamu?"

"Transfoma. Nani asiyeijua?"

"Nyaya za kutoka mbali zinaishia kwenye lile pipa. Za kwenda majumbani zinaanzia hapo. Kama umeme wa mbali ungefaa kuingia nyumbani, wangehangaika kulipandisha la nini?"

Lusajo akaushusha waya.

"Umeme wako haukukosea," Tumpe aliendelea. "Bila ukubwa ule usingefika. Lakini umeshafika. Nguvu ya njia si nguvu ya nyumba. Weka transfoma nyingine hapa, uupunguze kabla haujaingia."

"Amesema kweli," alisema Gwamaka. "Na kama ana makosa, mimi kuku sina tena."

Lusajo akaiweka transfoma ya pili, akanyoosha kidole aunge. Tumpe akamwambia asubiri. Akaizunguka pande zote sita. Upande mmoja ulikuwa na tundu kubwa, tano zilikuwa na matundu madogo.

"Kule maporomokoni tundu kubwa linatazama wapi?"

"Linatazama huku, kwenye waya mrefu. Ndiko umeme mkubwa unakotokea."

"Basi hapa nalo litazame waya mrefu, umeme mkubwa uingilie hapo. Wewe umeligeuzia mashine."

Lusajo akatazama, akaona ni kweli. Angeunga vile, kazi yote ya Ambwene ingebaki shimo. Akaigeuza polepole. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Akaondoa mkono kwenye kompyuta, akamgeukia Tumpe, akasema kwa sauti ambayo waliokaa mlangoni hawakuisikia: "Dada, naomba kutumia mashine ya kaka yako."

Tumpe akakitazama kibao. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Unga," alisema.

Lusajo akaunga. Mashine ya Ambwene ikaanza kunguruma taratibu. Tumpe akatia jiwe la chuma, likatoka unga. Akatia la pili. Wageni wa Kiwira walipoingia walimkuta bado anasaga, na Lusajo amekaa kando yake akimpelekea mawe, bila kutoa amri hata moja.

Maneno yale yakatoka na vijana hadi majumbani mwao. Mtu akiingia ndani na sauti ya kazini, ya sokoni au ya kambini, watu wa nyumbani hawamwambii kwamba sauti hiyo ni mbaya, kwa maana ndiyo iliyomfikisha. Wanamwambia tu aishushe mlangoni, kwa sababu nguvu ya njia si nguvu ya nyumba.