Jina Moja kwa Mkokoteni wa Ndizi

Sogeeni. Mwenye usingizi aamke, mwenye haraka aende zake na heri. Hadithi hii naijua mwanzo na katikati. Mwisho wake sinao, na nimeutafuta mpaka nimechoka.

Walikuwapo watu watatu Tukuyu, mji wa mvua na migomba, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake na uchovu wake. Mwalimu Atupele alijua hesabu za kani. Kitu chochote kinachosukumwa, kinachovutwa au kinachoanguka, angekuandikia kanuni yake ubaoni bila kufungua kitabu. Alikuwa amefundisha fizikia miaka ishirini na miwili, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Mzee Ambakisye alijua barabara. Tangu ujanani alisukuma mkokoteni wa ndizi, na sasa magoti yake yalimwamsha kabla ya jogoo. Tusekile, aliyewahi kusomeshwa na Mwalimu, alijua wachezaji: lini watacheka, lini watanuna, lini wataitupa simu pembeni. Miaka tisa alitengeneza michezo ya simu ambayo hakuna aliyeicheza ila mama yake, naye kwa huruma.

Mwaka huo Tusekile alianza mchezo mpya. Mkokoteni wa ndizi unapanda mlima wenye tope kwenda sokoni, na mchezaji anausukuma kwa kidole. Tatizo ni kwamba mkokoteni wenyewe uliteleza kama sabuni kwenye beseni. Akaenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekwama."

"Marahaba. Na mimi nimechoka, lakini lete nione."

Basi Atupele alitoa Jumamosi zake tatu, akaketi kwenye chumba cha Tusekile nyuma ya duka la fundi cherehani. Aliandika jinsi uzito unavyouvuta mkokoteni kurudi chini, na jinsi uzito huohuo unavyogandamiza magurudumu ardhini. Aliandika msuguano, ile kani inayozuia vitu viwili visitelezeane, na jinsi unavyopungua mlima unapozidi kusimama. Tusekile akaziingiza kanuni zile kwenye kompyuta, na mkokoteni ukatua chini, ukawa na uzito. Atupele alifurahi. Darasani hakuwa amefurahi hivyo siku nyingi, na jambo hilo lilimhuzunisha kidogo alipokuwa akirudi nyumbani.

Mzee Ambakisye alikuja kumletea fundi ndizi, akauona mchezo, akaujaribu kwa kidole chake kinene. Akatikisa kichwa.

"Aliyeutengeneza huu hajawahi kusukuma."

"Una kasoro gani, baba?" Tusekile akauliza.

"Mkokoteni wenu ukisimama, unaondoka kirahisi tu. Mkokoteni uliosimama kwenye tope hauondoki hivyo, mwanangu. Kuuanzisha ndiyo kazi. Ukishatembea, unakubali."

Atupele aliona aibu, aibu hasa. Alilijua hilo tangu chuoni. Lakini miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia wanafunzi, "Tuchukulie msuguano ni uleule, kitu kikisimama au kikitembea," ili hesabu iwe fupi na kengele isiwakute katikati. Alilisema mara nyingi mno, hata akaliamini mwenyewe.

Basi Ambakisye naye alitoa jioni zake kumi na nne, kila siku baada ya kazi. Aliwaonyesha jinsi ya kuutikisa mkokoteni mbele na nyuma kabla ya kuusukuma, na jinsi ya kutupa majani makavu ya mgomba chini ya gurudumu. Akawaambia na desturi ya wasukumaji wa mlima ule.

"Mlimani hatujibu salamu. Ukijibu unalegea, ukilegea unasimama, ukisimama umelala hapohapo. Salamu zote tunazijibu juu, kwa sauti. Asiyejua hutuona hatuna adabu."

Tusekile alilichukua hilo kama lilivyo. Ndani ya mchezo, kina mama wa kando ya njia wakawa wanakusalimu kwa upole kabisa. Ukisimama kuwajibu, gurudumu linazama. Ukifika kileleni, unawajibu wote kwa mpigo.

Mchezo ukawa wa kweli kabisa, na haukuchezeka. Watu thelathini waliujaribu, hakuna aliyefika juu. Fundi cherehani aliirudisha simu. "Nikitaka kuteseka, nina kazi yangu," akasema.

Basi Tusekile naye alitoa siku zake kumi na mbili, macho mekundu. Gurudumu lilipokaribia kuteleza, akalifanya tope lishike zaidi kidogo, kwa muda wa kupepesa jicho. Mchezaji alipokaribia kileleni, akaupunguza mzigo bila kumwambia. Hakuna ambaye angeweza kuona, ila Atupele aliona.

"Huu ni uongo, Tusekile. Dunia haifanyi hivi."

"Najua, Mwalimu. Lakini duniani hatukuja kwa hiari. Huu mchezo lazima waupende, la sivyo watauacha."

Mzee Ambakisye akacheka mpaka akakohoa. "Laiti mlima wangu nao ungenidanganya hivyo, hata mara moja."

Fundi cherehani aliujaribu tena. Alifika juu, akasimama wima, akaanza kujibu salamu kwa sauti mpaka wateja wakamshangaa.

Wakaupeleka mchezo mashindanoni kwa namba ya simu ya Mwalimu, ukashinda. Barua ikafika kwenye simu ya Atupele: mwaka mzima Dar es Salaam, kwenye jumba la watengenezaji wa michezo, pa kulala na chakula vipo. Nafasi ni moja, na haigawanywi. Jina litumwe kabla ya saa sita mchana Jumamosi, na lisipotumwa nafasi inakwenda kwa washindi wa pili.

Walikutana asubuhi ya Jumamosi hiyo. Hakuna aliyegomba, nguvu za kugomba hazikuwapo.

"Mimi nikienda nitajifunza," Tusekile akasema. "Nisipokwenda, mwezi ujao naanza kazi ya kuuza vocha. Michezo basi tena."

"Mimi nikienda sitajifunza chochote, sidanganyi," Mzee Ambakisye akasema. "Nitakaa. Mwaka mzima nikae. Sijawahi kukaa, wanangu."

Atupele hakusema lake. Alitaka kwenda mahali ambapo hesabu haifupishwi kwa sababu ya kengele. Alitaka sana, na kutaka huko kulimwogopesha.

"Andika wewe, Mwalimu," wakamwambia wote wawili. "Utakayemwandika, tutakubali."

Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi. Fomu iko wazi kwenye simu, na nafasi ya jina ni moja. Bila hesabu za Mwalimu, mkokoteni ungeelea. Bila tope la Mzee, ungekuwa uongo wa darasani. Bila uongo wa Tusekile, hakuna ambaye angefika juu akajua kama mlima ulikuwa wa kweli.

Msiniambie waugawane mwaka, barua imekataa. Msiniambie aliyeanza ndiye mwenye mali, maana alichokianza kilikuwa sabuni kwenye beseni. Na msiseme aliyeshika simu asijiandike, kwa kuwa hata yeye ni mtu, na amechoka.

Kidole cha Atupele kiko juu ya kioo. Je, wewe ungeandika jina la nani?